Pumzi na Mizani: Kumsoma Ginsberg Ugogoni

Mwanzoni mwa mwaka 1962, majuma machache baada ya Tanganyika kupata uhuru wake, Wamarekani wawili waliingia Mombasa kwa njia ya bahari wakitokea Israeli. Mmoja alikuwa Allen Ginsberg, mshairi wa miaka thelathini na mitano, ambaye kwao alikuwa amekwisha kupata sifa nyingi na lawama nyingi zaidi. Wa pili alikuwa mwenzake, Peter Orlovsky. Nia yao ilikuwa kufika India. Walikaa Afrika ya Mashariki kwa muda mfupi, wakahudhuria mkutano wa hadhara wa Jomo Kenyatta mjini Nairobi, kisha wakarudi Mombasa na kupanda meli ya abiria ya kwenda Bombay, ambako walishuka katikati ya mwezi wa Februari.

Katika ushairi wa Kiswahili safari hiyo haikuacha hata unyayo. Mwezi wa Juni mwaka huohuo Shaaban Robert alifariki dunia, na mwezi huohuo waandishi wa Afrika watumiao Kiingereza walikusanyika Makerere, katika mkutano ambao mtungaji wa Kiswahili, kwa sharti la jina lake tu, hakuwa na kiti. Mwaka uliofuata ilitoka Diwani ya Mnyampala. Hivyo ushairi wa Marekani uliokuwa umeivunja mizani na ushairi wa Kiswahili uliokuwa ukiilinda ulipishana bandarini bila ya kuamkiana. Makala haya yanahusu mahali ambapo hatimaye zilikutana tungo hizo, angalau katika kichwa cha msomaji mmoja: Dodoma, katikati ya nchi, mbali na bandari yoyote.

Kitabu cha Ginsberg nilikipata mwaka 1996 kwa muuza vitabu vya mitumba aliyekuwa ametandaza turubai karibu na kituo cha mabasi cha Jamatini. Kilikuwa kimelala baina ya vitabu vya hesabu na majarida ya kilimo: kijitabu cha kuingia mfukoni, jalada jeusi na jeupe, kilichopigwa chapa na City Lights wa San Francisco. Shairi kubwa lililomo huitwa Howl, na juu ya jina hilo nitasema neno baadaye. Mtu aliyejifunza ushairi kwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, kama nilivyojifunza mimi bila ya mwalimu, akifungua ukurasa wa mashairi huanza kuhesabu kabla hajasoma. Nilihesabu. Hapakuwa na kina, hapakuwa na mizani, na mshororo mmoja uliweza kushuka mistari minne au mitano kabla ya kupumzika. Sehemu ya kwanza nzima, kurasa kadhaa, ni sentensi moja.

Lililonizuia nisikirudishe kitabu kwenye turubai si umbo bali ni habari yenyewe. Shairi lile linawahusu vijana waliopatwa na wazimu, na sehemu yake ya tatu imeelekezwa kwa mtu mmoja aliye katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Sasa, msomaji wa visiwani huenda asilione jambo hili kwa haraka kama alionavyo mtu wa Dodoma. Tangu miaka ya 1920 mji wetu umekuwa na hospitali ya Mirembe, na jina hilo limetoka nje ya kuta zake likawa neno la lugha. Kutoka Mtwara mpaka Bukoba, mtu akitaka kumwambia mwenzake kwamba hana akili timamu humwambia kuwa anafaa kupelekwa Mirembe. Watu hucheka. Sisi tuliokulia Dodoma tulicheka pia, lakini kwetu yalikuwapo majengo, palikuwapo na jamaa wenye vikapu vya chakula waliotoka Singida na Tabora kwa treni kuja kumtazama mtu wao. Mjomba wangu mmoja alilazwa humo kwa miezi minane. Aliporudi nyumbani alikuwa mtu yuleyule, mpole, fundi wa kushona viatu, lakini hapana aliyemtaja tena kwa jina lake bila ya kuongeza jina la hospitali.

Kwa hiyo nilipoona kwamba mshairi wa Marekani amelichukua jina la hospitali ya namna hiyo, Rockland, akalirudia katika kila mshororo kama kiitikio cha heshima, akimwambia rafiki yake kwamba yuko pamoja naye humo, nilisimama. Hilo sikupata kuliona katika ushairi wetu. Tunazo tungo tele za kuwausia wagonjwa subira na tungo za kuwahurumia. Tungo ya kwenda kuketi nao kitandani, mimi sikuwa nayo.

Habari za nyuma ya shairi nilizipata kidogo kidogo, kwa miaka mingi, kutoka vitabu vya watu wengine. Ginsberg alizaliwa tarehe 3 Juni 1926 Newark, New Jersey, katika familia ya Mayahudi. Baba yake, Louis, alikuwa mwalimu na mshairi, na ushairi wake ulikuwa wa vina. Mama yake, Naomi, aliugua akili tangu mwanawe akiwa mdogo, akawa anaingia na kutoka katika hospitali. Mwaka 1947 madaktari walitaka kumpasua ubongo, kama ilivyokuwa desturi ya tiba ya zama zile, na aliyetia saini ya kuruhusu alikuwa ni Allen mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mmoja. Mwaka 1949 naye akalazwa katika taasisi ya magonjwa ya akili mjini New York, na humo ndimo alimokutana na Carl Solomon, yule ambaye shairi limetunukiwa. Solomon alikuja kusema baadaye kwamba hakuwahi kulazwa Rockland. Sioni kwamba jambo hilo linalitia shairi dosari. Linatuonyesha kuwa jina la hospitali lilichaguliwa kwa uzito wake na mlio wake, kama malenga achaguavyo jina la mji ili limalizie kituo.

Howl lilisomwa hadharani kwa mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba 1955 katika ukumbi mdogo wa picha mjini San Francisco. Likachapishwa mwaka 1956. Naomi alifia hospitalini mwaka huo. Mwaka 1957 maofisa wa forodha walikamata nakala 520 zilizokuwa zikiingia kutoka Uingereza zilikopigwa chapa, kisha mchapishaji, Lawrence Ferlinghetti, akashitakiwa kwa kuuza maandishi ya uchafu. Mwezi wa Oktoba Jaji Clayton Horn aliamua kwamba kitabu kina thamani ya kijamii na hakivunji sheria. Yamo kwa hakika maneno ambayo wapiga chapa wengi wa kwetu wasingeyakubali, na yapo mambo ya mwili na ya madawa ambayo mimi mwenyewe sikuyafuata ili kujifunza. Hayo ndiyo yaliyokipa kitabu umaarufu wake wa kwanza. Naona ni sehemu yake iliyochakaa upesi kuliko zote.

Tuje sasa kwenye umbo, kwa kuwa ndipo Ugogo unapoingia.

Ginsberg aliwahi kueleza mara nyingi kwamba kipimo chake si silabi wala vina, bali ni pumzi: mshororo mmoja ni urefu wa fikra moja iliyosemwa kwa pumzi moja. Waliomtangulia katika njia hiyo hawakufichwa. Yupo Walt Whitman, Mmarekani wa karne ya kumi na tisa; yupo Christopher Smart, Mwingereza wa karne ya kumi na nane ambaye naye alitunga shairi lake refu la sifa akiwa amefungiwa katika nyumba ya wenye wazimu; na nyuma yao wote ipo Biblia ya Kiebrania, hasa Zaburi. Ushairi wa Zaburi hauna vina vya mwisho. Mwendo wake ni wa kusema jambo, kisha kulisema tena kwa sura nyingine, na mara nyingine kulirudia neno lilelile mpaka msikilizaji alichukue. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya inamalizikia kwa maneno yaleyale. Atakayeisoma kwa sauti hiyo, halafu akasoma sehemu ya tatu ya Howl, hatahitaji profesa wa kumwonyesha udugu wao.

Na hapa ndipo nilipomkumbuka Mathias Mnyampala, nami nikashangaa kwamba sikumkumbuka ukurasa wa kwanza.

Mnyampala alizaliwa Ihumwa, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, mwaka 1917. Huo ndio mwaka ilipoanza njaa kuu ya Mtunya, wakati majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipokuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua zikakataa. Alikulia katika nchi iliyokuwa ikijikusanya upya. Alipata elimu ya misheni ya Kikatoliki, akawa mwalimu, karani, na baadaye hakimu. Mwaka 1954 ilitoka Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu ambacho mpaka leo hakuna aandikaye juu ya Ugogo anayeweza kukiruka. Mwaka huohuo zilitoka Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi. Ninapenda kuviweka vitabu hivyo viwili kwenye rafu moja, maana Mnyampala alivibeba vyote: kwa mkono mmoja mila za watu wake, kwa mwingine arudhi ya pwani.

Lugha yake ya kwanza ilikuwa Chigogo, ambacho nyimbo zake hazitungwi kwa vina wala kwa kuhesabu silabi. Lakini aliposhika kalamu ya ushairi aliandika Kiswahili, na aliandika kwa urari ambao wasomaji wa Unguja na Pemba, waliolelewa na Kamange na Sarahani, hawakuweza kuuonea kasoro. Kwa mtu wa bara wa zama zake, hiyo ndiyo iliyokuwa hati ya kusafiria. Asiyetimiza mizani hakuitwa mshairi, na Mgogo asiyetimiza mizani angeitwa Mgogo tu.

Basi Mnyampala huyo, katika miaka ya 1960, alizichukua Zaburi akazitia katika utenzi. Fikiri, msomaji, kazi aliyojitwika. Mbele yake palikuwa na maneno yanayokwenda kwa pumzi, marefu na mafupi, yanayojirudia na kujijibu. Yeye akayakata vipande vinne vinne, kila kipande mizani minane, na kipande cha mwisho kikashika kina cha bahari mpaka mwisho. Kisima ni kimoja. Wale wa Marekani walichota mwendo wake, wakaacha mengi ya maneno. Mnyampala alichota maneno, akauacha mwendo. Utenzi wa Zaburi ni kazi ya ustadi na ya ibada. Mimi nimeusoma zaidi ya mara moja, na katika kila usomaji nimeona kwamba kila inapofika mahali pa kurudia, utenzi unabanwa. Hauna nafasi ya kurudia. Mizani minane haimruhusu mtu kulia mara mbili kwa neno lilelile.

Sisemi haya kwa kumshusha. Mnyampala mwenyewe, nadhani, aliisikia haja ya sauti nyingi na ya jukwaa, kwa sababu ndiye aliyezifanya ngonjera kuwa utanzu ujulikanao nchini kote. Akiwa kiongozi wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, alitunga malumbano ya kusemwa mbele ya watu, wahusika wakijibizana, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zikaingia katika kila shule na kila sherehe. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake. Tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980 tulizighani tukiwa tumesimama mstari, mikono ikipanda na kushuka. Tulizichoka pia, tusifichane. Lakini ziliturudishia ushairi mdomoni.

Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, akatoa Kichomi, na vita vya vina vikaanza. Historia ya ugomvi huo inajulikana na sina haja ya kuirudia: upande mmoja ukisema kwamba shairi lisilo na vina na mizani si shairi, upande wa pili, wa wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukijibu kwamba vina na mizani si roho ya ushairi. Mulokozi na Kahigi wakaingia na Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha Kunga za Ushairi mwaka 1979. Nilipoanza kusoma hoja hizo, nikiwa na Ginsberg mfukoni, nilikuta pande zote mbili zimekubaliana juu ya jambo moja ambalo mimi silikubali. Walinzi wa mapokeo walisema kwamba mashairi huru yametoka Ulaya. Wapinzani wao walipowajibu kwamba hata ngoma na nyimbo za makabila hazina vina, walilisema neno hilo kama wakili atoaye kielelezo mahakamani, kisha wakarudi kuandika mashairi mafupi ya kusomwa kimya kwenye ukurasa. Kezilahabi, ambaye ninamheshimu kuliko wote wa kundi hilo, na ambaye alituacha Januari 2020, ni mshairi wa ukurasa na wa fikra. Pumzi ndefu haikuwa shughuli yake.

Kumbe pumzi ndefu ilikuwapo, tena karibu sana. Wakati ule ule wa mabishano hayo Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika nchi ya Wagogo, aliyeingizwa katika kikundi cha ngoma cha taifa zama za Mwalimu Nyerere na baadaye akawa nguzo ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo, alikuwa akiimba kwa zeze na kwa ilimba. Anayemsikiliza kwa sikio la mshairi ataona kwamba anashika kauli moja, anairudia, anaipandisha, anaipeleka mpaka pumzi inapokatika, na kiitikio kinaipokea hapo ilipokatikia. Mshororo wake hauna urefu uliowekwa. Urefu wake ni kifua chake. Sauti hiyo ilipelekwa mpaka Uingereza, ikatolewa katika sahani za kampuni ya Real World, na Zawose alipofariki tarehe 30 Desemba 2003 alikuwa Mtanzania aliyesikika mbali kuliko washairi wetu wote. Hapana aliyemwita mshairi. Ginsberg naye, baada ya India, alizoea kuimba jukwaani huku akijipigia kinanda kidogo cha mvukuto cha Kihindi. Kwao hapana aliyeacha kumwita mshairi kwa ajili hiyo.

Nilipoanza kulifasiri Howl nilijaribu kwanza utenzi, kwa kuwa ndio chombo nilichokuwa nacho. Nilitimiza beti kumi na mbili. Zilikuwa safi, na hazikuwa na wazimu wowote ndani yake. Nikajaribu mishororo mifupi kwa mtindo wa Kichomi, ikawa kama mtu anayetoa taarifa. Mwishowe niliacha kuandika, nikawa nasema. Nilisimama chumbani, nikavuta pumzi, nikasema mshororo mzima kwa Kiswahili mpaka mwisho, na kilichobaki kinywani ndicho nilichokiandika. Kiswahili kina neema yake hapa. Kiambishi cha urejeshi, kile “walio-” na “ambao”, kinaweza kusimama mbele ya kila mshororo kama mtu wa kwanza katika safu ya ngoma, na vitenzi vikamfuata, “wakaenda”, “wakalala”, “wakaamka”, bila ya kuhitaji kuunganishwa na chochote kingine. Kiingereza kinalazimika kurudia kijineno chake kila mara. Sisi “-ka-” inatubeba.

Sehemu ya tatu ilinipa taabu ya namna nyingine. Je, Rockland iwe Mirembe? Marafiki wawili watatu walinishauri iwe hivyo, wakisema msikilizaji wa Kitanzania atalielewa mara moja. Ndiyo, atalielewa, na kabla hajalielewa atacheka, kwa sababu neno lenyewe limekwisha kuzoezwa kicheko. Nimeiacha Rockland. Mwaka 2009 niliisoma sehemu hiyo mbele ya watu wachache, Dodoma, katika ua wa nyumba ya rafiki. Hapana aliyecheka. Nilipomaliza mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa amekaa kimya muda wote aliniuliza, “Mwanangu, huyo mwenzake alitoka?” Nikamjibu kwamba alitoka, akaishi miaka mingi. Akasema, “Basi sawa,” akachukua fimbo yake.

Limebaki jina. Kamusi zinanipa mengi. Mbweko ni wa mbwa tu. Unyende ni mwembamba mno, ni sauti ya mtoto au ya mtu aliyebanwa kidole. Mayowe ni ya wengi kwa pamoja, na aghalabu yanamfukuza mwizi. Maombolezo yamekwisha kuchukuliwa na Yeremia, na tena yanataka maiti, ambapo Ginsberg maiti alikuja kumlilia baadaye, katika Kaddish, shairi la mama yake lililotoka mwaka 1961. Lipo neno la Kiswahili cha kale, ukemi: sauti ya mtu mmoja anayepiga kelele mahali penye upweke ili walio mbali wamsikie na kuja. Vijana wengi hawalijui, na mhariri mmoja alinitaka nilibadili kwa sababu hiyo. Sikulibadili. Muswada ulioko mezani kwangu, sehemu mbili zikiwa zimekamilika na ya kwanza ikiwa bado inanishinda katika mishororo tisa, umeandikwa juu yake Ukemi.